Sista Yunia, Swali Lako la Majina Nimelifuta

Sista Yunia,

Leo ni Sabato na jua halijatua. Nimebishana na nafsi yangu tangu tutoke kanisani, mwisho nimeamua kwamba kumwandikia marehemu si kazi. Kazi ni kujaza fomu. Wewe Mkatoliki ungesema nimeanza tena, lakini tulia kwanza, kwa sababu habari niliyo nayo hutaipenda na sitaki unitazame juu ya miwani.

Swali lako la majina nimelifuta. Kwa kalamu yangu, mbele ya watu, na walinipa nafasi ya kuliacha.

Basi. Nimelisema mapema ili usisome ukiwa na matumaini.

Za huku ni nzuri. Mazishi yako yalijaa watu hadi barabarani. Wasifu wako ulisomwa na mpwa wako, na kwa mujibu wake ulianza chuo cha uuguzi kabla hujamaliza shule ya msingi. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkobani. Nilishika mkoba kwa mikono miwili mpaka akamaliza. Halafu mheshimiwa mmoja akapewa kipaza sauti, akasema kwa uchungu kwamba wewe ndiye uliyemzalisha mama yake siku alipozaliwa yeye. Watu wakamtazama mvi zake, wakatazama picha yako, wakatikisa vichwa kwa heshima. Ungecheka, Sista. Mimi nililia na kucheka pamoja, na mama wa kanisa lenu akanipa leso akidhani ni kulia tu.

Felix ndiye msimamizi wa wodi ya uzazi sasa. Yule uliyezoea kumwambia, "Omera, ndugu yangu, pole pole, mtoto hatoroki." Amepunguza mwendo. Akina mama wanamwita daktari, anawaambia yeye ni nesi, wanamjibu, "Sawa, daktari." Kiti chako hataki kukikalia. Amekiwekea maboksi ya glavu ili kionekane kina kazi.

Mimi niko pale pale kwenye dirisha langu la rekodi, na bado naandika shajara kila jioni, tarehe juu, hali ya ziwa chini yake. Hakuna anayenitania tena kwamba naandika kana kwamba polisi watakuja kuuliza.

Sasa ile fomu. Unakumbuka kaunti walivyotaka fomu moja ya kumpima kila mjamzito anapokuja kliniki mara ya kwanza, fomu inayobaki kabatini kwetu, ili tujue mapema ni nani wa kuangaliwa kwa macho mawili. Uliichora wewe mwenyewe kwenye kipande cha boksi la glavu, mimi nikaichapa. Na juu kabisa ukaweka swali lako: "Taja watoto wako wote, kuanzia wa kwanza."

Ulikuwa na sababu. Ukimwuliza mama wa huku ana watoto wangapi, anakutazama kama mchawi. Watoto hawahesabiwi. Lakini mwambie akutajie majina, anataja kwa furaha, na majina ya Kijaluo yanasema. Opiyo na Odongo ni mapacha, na anayewafuata ni Okello. Owino alikuja na kitovu kimemzunguka. Owiti alizaliwa baada ya wengine kufariki, na hao waliofariki mama hawataji kwa mgeni. Wewe ulikuwa unasikiliza majina kama mtu anayesoma kadi, kisha unasema kwa sauti ya chini, "Kabla ya huyu Owiti, pole sana, walikuwa wawili au watatu?" Na mama anakuambia yote. Nilikusikia mara nyingi kupitia dirisha. Ulinigeukia siku moja ukaniita binti wa Kisegi kama kawaida yako, "Nyar Kisegi, hawa watu rekodi zao walishaandika. Sisi tunanakili tu."

Basi ulipoondoka tukaendelea kuijaribu bila wewe. Felix alilibeba swali lako kama Biblia. Jedwali la maana za majina alilibandika ukutani. Akawa anauliza, anatazama ukuta, anaandika.

Sista, tulipata mapacha! Nilipokuja kujumlisha fomu za majaribio, nikaona kijiji kimoja tu cha Rusinga kina mapacha wengi kuliko samaki wa soko la Mbita. Nikamwuliza mama wa kwanza niliyemfahamu, "Okello wako aliwafuata mapacha gani?" Akasema, "Mapacha? Hilo ni jina la mjomba. Alinijia ndotoni akalidai." Wa pili, Awino wake, yaani Owino wa kike, alikuwa jina la bibi wa baba. Kitovu hakikumzunguka mtu yeyote, bibi tu ndiye alikataa kusahauliwa. Felix alikuwa ameandika juu ya fomu yake, kwa wino mwekundu, "Aangaliwe sana."

Na hao ni wenye majina ya nyumbani. Wasichana wa siku hizi wana Favour, wana Praise, wana Brayden. Mmoja ana kijana anaitwa Gavana. Felix akaja dirishani kuniuliza Gavana ni wa kuzaliwa namna gani. Nikamwambia labda kwa kura. Wenzetu wa Ogwedhi, upande wa Migori, nao walikuwa wanaijaribu, na kule wamechanganyika, Wajaluo, Wakuria, Wamaasai wanaoleta ng'ombe mnadani. Nesi wao alirudisha fomu imeandikwa, "Majina yapo. Maana sina."

Hata hapo sikukata tamaa. Nilijiambia shida ni jedwali. Nikaongeza safu. Nikaongeza "jina la marehemu" na "jina la kanisa." Fomu ikaenda ukurasa wa pili.

Halafu akaja Lilian. Jina si lake. Hata kwako nimelibadilisha, wewe ndiye uliyenifundisha.

Alikuja na mama mkwe wake, mama Dorka, jina hilo pia si lake, ambaye tunasali naye kanisa moja. Ukimwuliza Lilian jina, Dorka anajibu. Ukimwuliza umri, Dorka anajibu. Felix akauliza kama ana maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Dorka akafikiri kidogo akasema, "Weka tano." Felix akauliza hii ni mimba ya ngapi. Dorka akasema, "Tuna mimba ya kwanza." Kwa hiyo swali lako likabaki tupu. Hakuna mtoto, hakuna jina, hakuna cha kutafsiri. Felix akapiga mstari akataka kuendelea.

Mimi nilikuwa nimeleta faili, nimesimama mlangoni. Nikamwona Lilian. Kila akiulizwa anafungua mdomo, sauti ya Dorka inatoka, anaufunga. Lakini kwenye lile swali la mimba hakuufungua. Alitazama sakafu.

Sijui nikuambieje. Chupa yako ya chai ile ya njano ilikuwa bado juu ya kabati, hatukuwa tumethubutu kuitoa. Nikasikia mdomo wangu ukisema maneno yako, kwa sauti yako kabisa: "Mama, nisaidie, nenda jikoni uniletee maji moto, chai imepoa."

Dorka akageuka. "Nyar Kisegi, wewe Msabato, tangu lini unakunywa chai?"

Nikasema ni ya daktari. Felix hanywi chai, lakini aliniangalia usoni, akasema, "Yenye tangawizi, mama, ikiwezekana." Dorka akachukua chupa akatoka, kwa sababu daktari ameomba.

Hakuwa amefika kwenye veranda. Lilian akasema, "Si ya kwanza."

Aliwahi kuolewa Ogwedhi. Alizaa huko, mtoto hakuishi, na yeye alitoka damu mpaka hakujua ni nani aliyembeba. Huku kwa mume mpya hawajui chochote. Mtoto yule hakupata hata jina. Felix akanyoosha mkono achukue kijitabu cha kliniki aandike, na yule msichana akakifunika kwa kiganja. "Hicho mama anakisoma." Tukaandika kwenye fomu yetu ya kabatini.

Dorka akarudi na chupa imejaa chai, vikombe vitatu, na maswali. Felix akamwambia Lilian atajifungulia hospitali kubwa ya Homa Bay, mahali penye damu ya kuongezea. "Kwani ana nini?" Felix akasema, "Ana mimi, mama. Na mimi ni mwoga." Dorka akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza daktari kumwambia ukweli. Kisha akammiminia. Felix alikunywa vikombe viwili akisimamiwa.

Lilian alijifungua salama. Nasema salama, lakini damu ilitoka tena, nyingi, na tofauti ni kwamba walikuwa wamejiandaa na walikuwa wengi kitandani. Amerudi na msichana. Dorka anasema pua ni ya kwao, na kwamba chai ya Homa Bay haina maziwa.

Jioni ile ya kwanza, siku ya chai, nilikaa na shajara nisiandike kitu. Miaka yote, Sista. Miaka yote niliyokaa dirishani ulikuwa unawatuma watu. Mawifi, waume, mashangazi, mara moja mchungaji mzima na koti lake. "Chai yangu imepoa." Na jioni ni mimi niliyekuwa naimwaga kwenye maua, chupa nzima, nikisema moyoni Sista Yunia anasahau sana siku hizi. Hukuwa unainywa. Ulikuwa unaondoa watu chumbani, ndipo unauliza majina. Sisi tukalinakili swali kwa mwandiko mzuri, tukaiacha chai kwa sababu haikuwa na safu.

Kwa nini hukuniambia? Nilikasirika. Nilitaka kuja mpaka Kisegi, hapo ulipolala karibu na kwetu, nikuulize. Labda ulidhani naona. Sista, mimi naona vitu vyenye mistari.

Basi tukaitwa Homa Bay kwenye mkutano wa kuipitisha fomu. Ukurasa mmoja, wakasema, si zaidi. Asubuhi nzima wakapigania nembo. Kila aliyetoa hata sanduku la kalamu alitaka nembo yake juu, na kufikia saa ya chakula fomu ilikuwa imebaki na nembo tu na nafasi ya sahihi ya nesi. Mwenyekiti, mama mmoja mkunga wa zamani, akazitupa zote nyuma ya karatasi. Kisha akasema bado kuna maswali mengi, lipi litoke?

Nikanyoosha mkono nikasema la majina.

Walikataa! Walilipenda, Sista. Mshauri aliyetoka Nairobi alisema hilo ndilo swali bora la fomu nzima, ni la kitamaduni, litapendeza kwenye ripoti. Mwingine alikuwa tayari ameliweka kwenye slaidi na picha ya ziwa. Na mimi, niliyelichapa, nikasimama kulipinga. Nikawaambia habari ya Okello wa ndotoni na ya Gavana, wakacheka. Kisha nikawaambia, bila jina na bila kijiji, kuhusu msichana ambaye mtoto wake hakuwa na jina la kutaja. Hawakucheka. Nikasema nataka kisanduku kimoja mahali pake: "Mama ameulizwa akiwa peke yake."

Mwenyekiti akaniuliza, "Na yule aliyekuja naye anakwenda wapi?" Nikamweleza chai. Akasema yeye alikuwa akiwatuma kutafuta soksi za mtoto.

Wakataka kiwe "Ndiyo" na "Hapana." Nikasema hapana, kiwe "Ndiyo" na "Bado." Ukiandika hapana umemaliza, unafunga faili. Bado inakuita urudi. Mwenyekiti akanipa kalamu nifute mwenyewe. Mstari wangu ukaenda kando. Ndiyo hivyo. Limetoka.

Fomu sasa zinatumika, kwetu na Ogwedhi, na habari ya chai imekwenda nazo. Juzi nimepata moja ya kule, kisanduku kimetiwa "Bado," na pembeni nesi ameandika, "Nyanya amekuja na chupa yake ya chai." Nilicheka mpaka Felix akatoka wodini kuangalia. Kisha nikaacha, kwa sababu nyuma ya kile kisanduku kuna mama ambaye hakuna aliyemwuliza. Nikapiga simu. Nesi akasema amepata njia. Siku ya pili alimwambia nyanya naye lazima apimwe presha, chumba cha pili, alale kitandani atulie. Na presha yenyewe ilikuwa juu kweli, sasa nyanya ana kliniki yake na ana kadi anayoionyesha majirani.

Nikamwuliza, "Na mama alizungumza?"

Akasema, "Alizungumza."

Sikuuliza alisema nini. Hayakuwa yangu.

Jua limetua, Sista, na taa za wavuvi wa omena, dagaa wetu, zimeanza kuwaka ziwani, kwa hiyo sasa ningeruhusiwa kufanya kazi na barua ndiyo imekwisha. Pumzika. Siwezi kukuahidi kwamba fomu ni nzuri, kwa sababu hukuwahi kuipitisha fomu ya mtu mara ya kwanza. Nakuahidi hivi tu: kila "Bado" itakayopita kwenye dirisha langu, nitaipigia simu mpaka mtu amuulize yule mama, na mlango umefungwa.

Ni mimi wako,
Rispa, nyar Kisegi