Nilichora hadi ugonjwa wa kigurudumu cha Mama Skola

Jumamosi, mwezi wa saba. Jua kali, baridi kali, vyote kwa pamoja.

Shajara yangu, upepo wa leo si wa kuchezea. Asubuhi nimemkuta jogoo wangu kasimama mlangoni, anaangalia koti langu kwa tamaa. Lakini mie nina raha, na sababu ninayo.

Hapa Katandala wananiita Babu Spoku, maana nimeanza kutengeneza baiskeli hawa wa bodaboda hawajazaliwa. Darasani sikukaa. Kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya spea. Kuna baiskeli ilikanyagwa na lori la mahindi, nikainyoosha, mwenyewe akaipanda siku ileile mpaka Milepa. Lori ndilo lililolala barabarani. Asiyeamini akaliulize lori.

Sasa uzeeni nimejiingiza kwenye kuchora kwa kompyuta. Kule Milanzi kuna binti anaitwa Anyesi, ana karakana yenye printa inayotoa vitu vya plastiki. Nilienda kuchungulia tu. Nikakaa. Mpaka leo hajaniondoa.

Jumatatu akaja kwangu Mama Skola, yule anayefuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Ile mashine ina gari analolisukuma kwenda na kurudi juu ya sindano, na chini ya gari kuna kigurudumu cha meno. Kimevunjika jino. Spea hakuna, kila duka kaulizia. Mashine yenyewe alikuwa ameshamwahidi mnunuzi wa vyuma chakavu, aje kuichukua leo Jumamosi.

"Shikamoo Babu. Kama huwezi, sema mapema, nisije nikakaa na tumaini bure."

"Marahaba. Huwezi ndiyo nini? Hilo neno silijui, mie sikusoma."

Hapo nikawa nimejifunga kamba mwenyewe.

Nikakipeleka kigurudumu kwa Anyesi, akakiskani, kikatokea kwenye kioo cha kompyuta, kizuri utadhani utakishika. "Usidanganyike, Babu," akaniambia. "Hii ni meshi. Ni ngozi tupu ya vijipembetatu vilivyoshonwa pamoja, ndani hamna kitu. Lazima tuijenge upya iwe mwili uliojaa, ndiyo tuweze kuirekebisha." Akatoka kwenda kumpokea mteja.

Mie nikaona kitufe cha kugeuza yote mara moja. Nikabofya.

Kompyuta ikaganda, feni ikavuma kama mzinga wa nyuki. Mwisho ikatoa mwili kweli, lakini una nyuso maelfu, kila kijipembetatu kimekuwa ukuta wake. Hata kuuchagua ukingo mmoja huwezi. Jino lililokatika nikalibandikia kijibonge nilichokikadiria kwa jicho, nikaprinti, Jumanne nikampelekea Mama Skola kifua mbele.

Gari likakwama. Akisukuma linayumba, akirudisha linagoma.

Sasa naungama, maana hapa hakuna anayenikatiza. Badala ya kusema nimekosea, nikamwambia, "Uzi wako umekazwa mno kwenye madonge, ndio unaovuta gari." Akaniamini. Jumatano nzima akafungua madonge yake yote akayakunja upya, na gari likakwama vilevile.

Nikarudi Milanzi kulaumu kompyuta. Anyesi akacheka mpaka akashika meza.

"Kompyuta imekuchorea kilichopo, Babu. Kilichopo ni kigonjwa. Angalia tundu, limelika limekuwa yai. Angalia meno, yamechoka yote. Wewe umechora hadi ugonjwa wake."

Nikavuta kiti, nikaangalia. Mie kukubali kufundishwa ni habari ya mji mzima.

Tukaanza upya, na wewe unayeanza kama mie sikia vizuri. Meshi usiigeuze. Iache pale iwe kivuli cha kufuatishia. Ipitishe kisu, yaani programu inaikata bapa kama unavyokata mkate, inakuonyesha ukingo wa ndani. Juu ya ule ukingo chora mwenyewe kwa duara na mistari safi, halafu vuta mchoro juu upate unene. Huo ndio mwili. Ukiutoboa unatoboka, ukikosea kipimo unabadilisha namba tu.

Anyesi akataka kukata katikati. Nikamshika mkono.

Hapo ndipo shule yake ilipoishia na baiskeli zangu zikaanza kusema. Jino huliwa pale linapogusana na mwenzake. Nikakigeuza kigurudumu chenyewe kwenye mwanga, nikamwonyesha: pembeni kabisa, mahali ambapo hapajawahi kugusa kitu, kuna kaukingo kembamba kazima, meno yana umbo lake la ujana. "Kata hapa," nikamwambia. "Hapa hapajafanya kazi."

Akakata. Akaniangalia. Chai iliyofuata ilikuwa na sukari zaidi.

Tukachora jino moja zima, programu ikalizungusha ikajaza duara lote, hata pengo. Tundu sikulipima kabisa, maana tundu lilishalika. Nilipima kile kipini cha chuma kinachoingia ndani yake, nikaongeza nafasi kidogo ya kuzungukia. Tulipouweka mwili mpya juu ya meshi, kila palipoliwa mwili ukachomoza nje. Ugonjwa wote ukaonekana.

Tukakiprinti, na leo asubuhi nimekifunga. Mama Skola akasukuma gari mara moja. Likapita. Akalirudisha. Likapita. Akawa anafuma tu, mara mnunuzi wa vyuma akatokea mlangoni na mizani yake.

"Kaka yangu, chuma hakipo," akamwambia bila kuinua kichwa. "Kama unasikia baridi, masweta yapo."

Ningeondoka hapo ningekuwa shujaa wa Katandala. Lakini yale madonge yalikuwa yamepangwa ukutani, moja moja, yamekunjwa kwa adabu. Nikasema yote. Uzi haukuwa na kosa. Kosa langu.

Akasimamisha gari. "Siku nzima, Babu? Na vidole vyangu hivi?"

"Siku nzima, mama."

"Haya. Kuna vitita vipya vya uzi havijakunjwa. Nyoosha mikono."

Basi nimekaa pale barazani mpaka mchana, mikono juu, uzi wa kijani umezungushwa, yeye anakunja donge. Wapita njia wakawa wanauliza, "Babu Spoku, umekamatwa?" Nikawa najibu, nimekamatwa, na ushahidi upo.

Mabega yananiuma hata kubofya hizi herufi. Neno fupi vile, nimekosea, ilikuwaje nikalibeba siku nne? Nikikosea tena, neno hilo nitalitua mlangoni, kabla hata sijakaribishwa kiti.