Milango Saba Yenye Namba 27

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA PILI CHA KAMATI YA UTAFITI WA FOLENI YA MAJI, KIJIJI CHA FIZI MPYA, KAMBI YA WAKIMBIZI YA NAKIVALE, UGANDA

Leo ni Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mimi Émérance, mwanafunzi wa kidato cha tatu na katibu wa kamati hii, naahidi kuandika yote yaliyosemwa, pamoja na yale niliyoombwa niyaache. Nakala itapelekwa Mbarara kwa Dakta Nasuru, msimamizi wa utafiti, ambaye ataamua Ijumaa kama kazi ianze kwetu Jumatatu au ihamie kijiji cha Masha.

Mahali: Darasa la tano, shule ya msingi.
Muda: Kikao kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa tisa na dakika ishirini, Mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA
1. Papa Byamungu, mnunuzi wa mahindi – Mwenyekiti
2. Mama Sidonie, mwakilishi wa akina mama – Mjumbe
3. Pasta Néhémie – Mjumbe
4. Émérance – Katibu

MGENI: Dada Swabulah, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya takwimu tumizi, kutoka Mbarara.

ASIYEHUDHURIA: Bwana Munyakazi, fundi rangi – Mjumbe. Hakutoa udhuru. Sababu inaonekana katika Kumb. Na. 3.

KUMB. NA. 1/03/2025: KUFUNGUA KIKAO

Pasta aliongoza sala kwa dakika kumi na moja. Ndani yake aliwaombea wanaojitwalia wasichopewa. Mwenyekiti alisema amina kabla sala haijaisha.

KUMB. NA. 2/03/2025: UTAFITI UNAHUSU NINI

Dada Swabulah aliombwa aeleze tena. Hii ilikuwa mara ya tatu. Alieleza kwamba anataka kupima saa ambazo wasichana husimama kwenye foleni ya bomba, na siku wanazokosa shule kwa sababu hiyo. Nyumba za kijiji ni 412. Hawezi kuzifikia zote, kwa hiyo 60 zilichaguliwa kwa kura. Alikumbusha kwamba utafiti hauna chakula, hauna blanketi, wala hauna ndege ya kwenda Kanada.

Mama Sidonie aliuliza, "Hata kidogo?"

Dada Swabulah alijibu, "Hata kidogo, mama."

Mama Sidonie alisema, "Sawa. Lakini ungesema 'labda', batu bangekusikiliza muzuri."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini wasiulizwe tu wale wanaotaka kuulizwa. Dada Swabulah alimuuliza yeye hununuaje gunia la mahindi sokoni Rwekubo. Mwenyekiti alieleza kwamba huchoma gunia kwa kile chuma chenye mfereji, juu, katikati na chini, akaangalia punje zinazotoka. Dada Swabulah alisema kura ndiyo chuma hicho. Mwenyekiti alisema, "Mimi niko mu hii kazi miaka tisa, mutoto yangu. Muuzaji akijua fasi utachoma, mahindi mazuri ataweka pale."

Dada Swabulah alisema, "Ssebo, mzee wangu, hiyo ndiyo kitu naililia."

KUMB. NA. 3/03/2025: NAMBA ZA MILANGO

Ilikumbushwa kwamba mwezi Februari Bwana Munyakazi alipaka namba kwenye kila mlango, kuanzia 1 bombani hadi 412 mwisho wa kijiji. Majina hayakuandikwa popote, kwa sababu chuo kinakataza majina ya watu kuonekana. Mlango unatambuliwa kwa namba yake tu.

Dada Swabulah alikuwa amepanga kura ipigwe na kompyuta yake huko Mbarara, na namba zibaki siri. Katika kikao cha kwanza Mwenyekiti alikataa, akasema, "Ile masini hatujue ilisomea wapi." Kamati iliamua vizibo 412 vya soda viandikwe namba, vitiwe kwenye beseni, na vitolewe mchana mbele ya watu wote ili pasiwe na manung'uniko. Hivyo ndivyo ilivyofanyika Jumamosi, tarehe 8 Machi. Kizibo cha kwanza kilikuwa 27.

Kufikia Jumapili jioni kijiji kilikuwa na milango saba yenye namba 27.

Iliripotiwa kwamba Bwana Munyakazi alizunguka na rangi ile ile na brashi ile ile, akibadilisha namba kwa malipo ya kipande cha sabuni kila mlango. Wengine waliazima kopo na kujipakia wenyewe. Mwenyekiti alisema watu wasilaumiwe sana. Kila mtu hapa ameona orodha ikipita, na waliokuwamo wakaitwa, na wasiokuwamo wakabaki. Mama Sidonie alisema, "Listi ni listi. Hata ya kuhesabu mbuzi, watu bataingia."

Dada Swabulah alisema yeye hawalaumu, ila hawezi kuanza. Akiuliza mlango wa uongo, majibu yatakuwa ya wale waliotaka kuhesabiwa, siyo ya wale walioangukiwa na kura, na takwimu zitakuwa za uongo zikiwa na jina lake juu. Miezi kumi na minne ameiandaa kazi hii. Alisema hayo polepole.

Pasta alipendekeza kura irudiwe, na safari hii tufunge siku moja kwanza. Mwenyekiti alimuuliza kama kufunga kunazuia rangi. Pendekezo halikuungwa mkono.

KUMB. NA. 4/03/2025: DAFTARI LA KATIBU

Katibu aliomba ruhusa ya kusema. Mwenyekiti alisema katibu anaandika, hasemi. Mama Sidonie alisema, "Mwache mutoto aongee, Papa Byamungu. Sisi wakubwa tumeongea tangu Februari na ona fasi tumefika."

Katibu alieleza kwamba jana baada ya masomo alitembea kutoka bombani kwa njia aliyopita Bwana Munyakazi mara ya kwanza. Nyumba hazijahama. Mlango ulio kati ya 26 na 28 ndio 27 ya kweli, na mwingine wowote ni wa uongo. Kwa njia hiyo alipata milango kumi na tisa iliyobadilishwa ili isomeke namba zilizotoka kwenye kura. Aliisoma yote. Yanayohusu milango ya wajumbe waliohudhuria ni haya:

Mlango wa kanisa una namba 61, ingawa hakuna anayelala humo. Pasta alisema hana habari, labda ni waumini.

Mlango wa Mama Sidonie ni sahihi. Mwenyekiti alitaja kwamba ulitoka kwenye kura, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuhangaika. Mama Sidonie hakukataa.

Mlango wa Mwenyekiti ni 188, sasa unasomeka 27.

Mwenyekiti aliuliza, "Na yangu umeiandika?"

Katibu alijibu, "Ndiyo, papa."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, papa."

Mlango wa kumi na tisa ni wa nyumbani kwa katibu. Ni 304, ukafanywa 240. Mama yake alipaka, na katibu ndiye aliyeshika kopo. Katibu alisema mama yake hakumlazimisha. Wanawake wote wa mstari ule walikuwa wakipaka, naye aliogopa nyumba yao ibaki peke yake. Katibu ni mmoja wa wasichana wanne waliofundishwa kuuliza maswali ya utafiti huu, kwa hiyo alijua anachofanya.



KUMB. NA. 5/03/2025: NINI KIANDIKWE

Mwenyekiti alipendekeza kumbukumbu ziseme hivi: "Milango ilikaguliwa na iko sawa." Alieleza kwamba Dakta akisoma habari ya milango kumi na tisa ataipeleka kazi Masha, nasi tutabaki na foleni isiyopimwa na mtu. Alisema, "Masha kuko ng'ombe. Ng'ombe watamwambia nini juu ya shule?" Katibu anaandika kwamba hoja hii ilikuwa na uzito, naye pia anaiogopa.

Dada Swabulah alisema hana kura hapa, lakini karatasi yenye uongo hataibeba.

Kura ilipigwa. Waliotaka yote yaandikwe: Mama Sidonie na Katibu. Aliyepinga: Mwenyekiti. Pasta alisema anaomba kwanza, kisha akainua mkono upande wa kuandika.

Iliazimiwa: Bwana Munyakazi arudishe namba zote kumi na tisa kabla ya kesho saa kumi na mbili jioni, kwa rangi yake mwenyewe, Mama Sidonie na Katibu watembee nyuma yake wakihakiki, na nyumba 60 za kura ya kwanza zibaki zile zile. Mwenyekiti alisema mlango wake ataupaka mwenyewe, asisaidiwe.

KUMB. NA. 6/03/2025: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, wenye benchi walipokuja kuzichukua. Dada Swabulah alikuwa ameshakosa gari la mwisho la Rwekubo, kwa hiyo atalala kwa Mama Sidonie.

Byamungu, Mwenyekiti (amesaini, akasema yaandikwe kwamba hakufurahi)

Émérance, Katibu

Swali la katibu kwa Dakta Nasuru: Naomba jibu lirudi na mtu yule yule atakayekuletea karatasi hizi. Huwa nafika bombani saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu niende na karatasi za maswali, au niende na dumu?