Pikapu ya Gitaa la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkanda baba vidole. Maji ya moto, chumvi, kama kila asubuhi. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimejikunja kuliko juzi. Akajaribu gitaa, akafika nusu ya wimbo wake, akaliweka chini. Alhamisi ya wiki ijayo anapasuliwa mkono. Daktari hakuficha: kidole kitanyooka, ila kupiga gitaa hawezi kuahidi. Na mimi, mtoto wake wa pekee, sina hata wimbo wake mmoja niliorekodi. Miaka yote hii nasikiliza bure tu. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimerekodi kwa simu, nimeiegemeza kwenye birika. Nimepata kuku, redio ya jirani, na mvua juu ya bati. Gitaa lipo, kwa mbali, kama limefungiwa stoo. Nimefuta kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Neema, fundi mitambo wa kwaya yetu hapa Buswelu, kakubali nimlete baba kanisani mchana. Kamwekea maiki mbele ya gitaa. Spika zikapiga yowe. Tukazizima, tukarekodi hivyo hivyo. Mwangwi! Gitaa moja limekuwa matatu. Neema anasema dawa ni pikapu, kile kidude kinachopachikwa kwenye tundu la gitaa. Kinashika nyuzi tu, kelele za nje hakina habari nazo.

Baba kanuna. "Mnataka kulitoboa gitaa langu?"

Nimemwapia kuwa halitobolewi. Tatizo, Neema hana pikapu. Nimemwandikia Masanja, mtoto wa shangazi, yuko Buhongwa na anajuana na mji mzima: Kaka, nitafutie pikapu ya gitaa la baba, Jumamosi asubuhi, usiniangushe. Kajibu: Ondoa shaka.

Ijumaa, 7 Machi

Situlii. Nimeunguza maharage. Nimemgombeza baba kwa kunyanyua ndoo ya maji kwa mkono ule ule. Baadaye nikamwomba radhi, akasema wala hakunisikia. Alinisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Masanja kaja na gari.

Pikapu! Gari zima, na nyuma katandika godoro, na kamba za kufungia. Kamwamkia baba shikamoo, halafu akaniuliza gitaa lenyewe lina ukubwa gani hadi lishindwe kuingia kwenye bajaji. Nilimfokea mpaka jirani akatoka nje. Maskini, kaazima gari la bosi wake, kaamka alfajiri kwa ajili yetu. Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Zimebaki siku tano.

Nikaingia ndani kunywa maji, nipoe. Kutoka nje, baba kakaa ndani ya gari na gitaa lake, kafunga mlango na vioo, anapigapiga kujifurahisha. Nikafungua mlango wa pili, nikaingia, nikafunga. Jamani. Hakuna mwangwi. Hakuna kuku. Kila uzi nausikia, hata kucha zake kwenye mbao.

Masanja, twende!

Tukashuka hadi ziwani, nyuma ya mawe, mbali na barabara. Gari likazimwa. Simu nimeiweka mbele juu ya kanga iliyokunjwa. Masanja kabaki nje anafukuza ndege. Vioo juu, joto la kutisha, jasho linamtiririka baba hadi kidevuni, na akaupiga wimbo wote. Ubeti wa tatu kidole kikagoma, ukapita mlio mbaya. Akaendelea.

Alipousikiliza alikunja uso. "Futa. Nimekosea pale. Tutarudia nikipona."

Nikabonyezabonyeza simu. Nikamwambia nimefuta.

Sikufuta.

Jumatano, 12 Machi

Nimemfungia nguo za hospitali. Baba hajawahi kuvumilia kosa kwenye muziki, wala langu wala lake. Nimemdanganya mzazi wangu na sijutii. Hapana, najuta. Lakini sifuti.

Alhamisi, 13 Machi

Kapasuliwa. Kalala. Mkono umefungwa kama mkate.

Jumapili, 23 Machi

Kidole kimenyooka. Hakina nguvu ya kubonyeza uzi, na daktari kasema tusitegemee.

Baada ya kanisa tulikaa mlangoni, mimi na baba. Akaniuliza ule wimbo niliufuta kweli. Nikasema niliufuta. Akautazama mkono wake.

"Ungeuacha tu, mwanangu."

Nikamwambia. Nikatoa simu, nikauwasha wimbo. Akanitukana kidogo kwa Kisukuma, akasema mimi ni mwongo kama marehemu mama yangu, kisha akaniambia niongeze sauti.

Pale kwenye kosa alifumba macho. Wimbo ulipoisha, akaomba niurudie. Tumeusikiliza mara nne. Chai ikapoa.