Kamba ya Jaffar Niliikagua Mimi

Maalim mshauri wa gazeti, assalaamu alaykum. Nisaidie kabla ya Alhamisi ijayo, maana siku hiyo mtu asiye na kosa atasimamishwa kwenye baraza la hukumu kwa kifo ambacho mimi nilikiona kikija, nami niko ndani ya nyumba hii kwa eda ya mume wangu na sijui la kufanya, barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana.

Mimi ni mjane wa Aidarus, yule fundi wa zana za wakata miti aliyekuwa akikaa dakani, penye mlango wake, hapa Kibokoni na tupa ya kunolea mkononi, pengine hata wewe ulipata kumletea shoka lako. Watu walimsifu kwa ile misumeno mikubwa ya watu wawili, wakisema ikitoka kwake hupita kwenye gogo kama kisu kwenye boga, lakini wasilolijua ni kwamba macho ya Aidarus yaliharibika miaka minane kabla hajafa, jino la msumeno halioni tena, akawa anazipokea zana mlangoni na kuniletea mimi ndani, akanifundisha kwa kunishika vidole, namna ya kulaza jino moja kulia na la pili kushoto, namna ya kujua mpini uliokauka vibaya, namna ya kufungua msokoto wa kamba na kutazama ndani, kwa sababu kamba huanza kufa ndani na juu bado ikawa nzima. Miaka minane kazi ile ilikuwa yangu na nilikuwa naipenda, sikufichi.

Aidarus alipofariki nikaingia eda, na mdogo wake, shemeji yangu Shamsudin, akasema tusiifunge kazi, yeye atakaa dakani apokee zana, azipitishe chini ya pazia, mimi nitengeneze, naye azitoe nje kwa wenyewe. Shamsudin hajui kunoa hata kisu cha jikoni, Mungu anisamehe, lakini haukupita mwezi watu wakaanza kumwita fundi na yeye akawa anaitika. Mwanzoni nilicheka peke yangu huku ndani. Na kwa kuwa mimi simwoni mteja wala mteja hanioni, kila nikiona kasoro humwambia Shamsudin akamwambie mwenyewe, kama shoka la Barnabas, yule mtu wa bara anayepasua kuni za gari la moshi, lilikuwa na ufa shingoni, nikasema mwambie asipigie kabari kwa shoka hili mpaka limepita kwa mhunzi, akasema haya, na misumeno kadhaa, na kamba nyengine mbili, na kila nililosema jibu lilikuwa haya.

Basi Jaffar, mkata miti wa mtaa wa pili, akaleta kamba yake ya kupandia, ya katani, nene, ngumu, ukiitazama unasema itamzika mwenyewe. Nikaufungua msokoto nikakuta ndani unga mweupe, nikauonja kwa ncha ya ulimi, ni chokaa, bila shaka ililazwa ghalani pamoja na chokaa ya kujengea ikaungua kimyakimya, kwa maana nyuzi za ndani zilikuwa zikikatika kwa ukucha wangu. Nikamwita Shamsudin, akaja akasimama upande wake wa pazia.

"Shemegi, kamba hii imekufa. Mwambie Jaffar asipande nayo hata mara moya."

"Haya."

"Mfungulie msokoto umwonyeshe chokaa iliyo ndani."

"Haya, n'mesikia."

Marehemu mume wangu alikuwa harudishi kamba iliyokufa. Aliikata vipande viwili mbele ya mwenyewe, bila ruhusa, na mwenyewe akamtukana mpaka akachoka, na Aidarus akamwambia nitukane tu, bora unitukane uko hai. Nililikumbuka hilo siku ile na kisu nilikishika, Maalim. Nilikishika kisha nikakiweka chini, kwa kuwa kamba si mali yangu, na mimi ni mwanamke wa ndani ambaye hata haijulikani kama yumo katika kazi hiyo, na nikiikata Shamsudin ataulizwa maswali, nikaona neno lililokwisha pelekwa linatosha.

Siku ya tatu Jaffar akapanda mkwaju mmoja huko Tononoka ambao matawi yake yalikuwa yamelalia paa la nyumba, na mwenzake Dzoro, aliyefanya naye kazi miaka mingi, akashika ncha ya kamba chini. Kamba ikakatika. Jaffar hakuwahi hata shahada. Pale ilipokatika palikuwa pafupi na safi kama pamepitishwa kisu, kamba iliyoungua kwa chokaa hukatika hivyo, lakini nani anajua, na juma moja nyuma Jaffar alikuwa amempiga Dzoro kofi mbele za watu penye duka la tambuu, kila mtu aliona, basi wakasema Dzoro amelipiza, ameikata kamba ikabaki kidogo. Askari wakamshika. Shangazi yangu Alawiya, ninayekaa naye, amerudi sokoni akasema watu wanaulizana atanyongwa lini, hawaulizani tena kama alifanya.

Siku ile ile aliyokufa Jaffar nilimwita Shamsudin.

"Ulimwambia Jaffar?"



"Ningemwambia nini, shemegi? Juzi yake aliniuliza barazani meno ya msumeno hulazwaje, n'kashindwa, watu wakanicheka. N'kimwambia kamba imekufa atanambia nionyesha. Ningemwonyesha nini mimi?"

"Hayo n'likwambia. N'likwambia fungua msokoto."

"Hata kuufungua sijui."

"Ulimwambiaje basi?"

"N'limwambia iko tayari."

Kisha akalia, mtu mzima yule, na alipomaliza kulia akaanza kunitisha. Akasema nikifungua mdomo mji mzima utajua kwamba zana za wanaume zilikuwa zikishikwa na mikono ya mwanamke, tena mwanamke aliye edani, na kwamba marehemu alikuwa haoni na akiwadanganya watu miaka minane, jina lake litachekwa kila baraza. Akasema nikitoka kwenda kushuhudia eda yangu imevunjika, na leo ninapoandika zimebaki siku ishirini na tatu tu. Akasema hakuna atakayeleta tena shoka lake mlango huu. Hili la mwisho naona haya kuliandika, lakini ndilo lililonifunga mdomo kwa siku tisa.

Sili, Maalim. Nikilala naiona kamba ile. Naomba uniambie, mwenye eda anaweza kutoka kwa jambo kama hili? Dhambi hii ni yangu au ya Shamsudin? Na je, nikivumilia siku hizi ishirini na tatu zikaisha, kisha ndiyo nikasema, itafaa?

Ni mimi, Badria, mjane wa Aidarus.

*

Mwanangu Badria,

Haitafaa. Alhamisi inafika kabla ya siku ya ishirini na tatu, na wewe hesabu hiyo unaijua, ndiyo maana barua yako umeianza kwa Alhamisi.

Mungu amrehemu Aidarus, na pole kwa msiba wako, na pole kwa hizi siku tisa. Naamini huli na naamini hulali. Lakini Dzoro naye halali, na yeye hakufanya kitu.

Suala la eda ni jepesi kuliko ulivyolifanya. Nimemwuliza mwanachuoni ninayemwamini, bila kutaja jina la mtu, naye alinijibu kabla sijamaliza kusema: mwenye eda hutoka mchana kwa haja ya lazima, akarudi kulala kwake, na ipo haja gani kubwa kuliko shingo ya mtu? Wala hulazimiki kutoka. Kadhi atamtuma karani wake na mashahidi waje wakusikilize nyuma ya pazia lako. Haya ungeyapata kwa jirani yeyote aliyewahi kufiwa na mume. Umeniandikia eda barua nzima, na hofu ya kunyang'anywa tupa umeiandika mstari mmoja mwishoni. Mimi nimeusoma huo mstari. Eda ni haki ya mumeo juu yako, usiitumie kujifichia.

Kuipenda kazi sikulaumu. Mwanamke aliyelinolea jiji hili misumeno kwa miaka minane na hakuna aliyejua, ni fundi, na mimi namvulia kofia. Nakulaumu kwa kisu. Mumeo alikufundisha mambo mengi na la kubwa kuliko yote lilikuwa hilo, kukata. Ulijua Shamsudin hawezi kunoa kisu cha jikoni, ulimcheka, kisha ukampa roho ya mtu aibebe mdomoni, na alipokujibu haya ukaona imekwisha. Hukumwuliza kesho yake. Hukumwita Bi Alawiya, anayekaa nawe nyumba moja, aliyeweza kuniletea mimi barua lakini hakutumwa kwa mke wa Jaffar. Shamsudin ana dhambi yake na ni nzito, atajibu mwenyewe. Hii niliyoitaja ni yako, na usimpe yeye aichukue.

Sasa tulia unisikilize, maana kuna jambo umeliandika na hukuliona. Shoka la Barnabas. Umesema lilikuwa na ufa shingoni, ukamwambia Shamsudin amwambie mwenyewe, akasema haya. Na kamba nyengine mbili. Na misumeno. Nani amekwambia kwamba zile "haya" nyengine zote zilikuwa za kweli, na ya Jaffar peke yake ndiyo ilikuwa ya uongo? Mtu ambaye hajui kufungua msokoto wa kamba hawezi pia kuonyesha ufa wa shoka. Nilipofika mstari ule niliiweka barua chini nikatoka nje kidogo. Huenda ninavyoandika hivi Barnabas analiinua shoka lile na mwenzake ameshika kabari mbele yake.

Kwa hivyo kabla ya yote, kabla hata ya kadhi, Bi Alawiya atakapokupa karatasi hii avae buibui lake tena atoke amtafute Barnabas panapopasuliwa kuni za gari la moshi. Asimwambie Shamsudin amtafutie. Aende yeye, alishike shoka kwa mkono wake, arudi nalo. Wakati yuko njiani, wewe kaa uandike kila zana iliyopita chini ya pazia tangu siku ya kwanza ya eda, ni ya nani na uliona nini, na kila uliyoitilia shaka irudishwe. Iliyokufa ikate. Wakitukana watukane.

Akirudi, aende kwa kadhi aombe karani aje kwako. Mwambie kadhi ulichoniambia mimi, bila kupunguza na bila kulia sana, karani hawezi kuandika machozi. Sema kamba iko mikononi mwa askari, waichukue upande ulio mbali na pale ilipokatika, ambako kisu cha mtu hakikufika, waufungue msokoto mbele ya watu. Chokaa wataikuta. Waelekeze namna ya kuufungua, maana wao nao hawajui.

Shamsudin mwambie leo, Bi Alawiya akiwapo, kwamba umeshapeleka neno. Aende barazani mwenyewe kabla hajaitwa. Ni mwoga, si muuaji, na mwoga akipewa mlango mmoja tu wa kutokea mara nyingine hutoka. Asipotoka, hilo ni lake.

Na wewe usinichezee. Leo ni Ijumaa. Ikifika Jumanne adhuhuri na Bi Alawiya hajaja kunambia kwamba kadhi amepata maneno yako, nitaichukua barua yako na kuipeleka barazani kwa mkono wangu, na jina lako liko chini yake. Gazetini nitaichapa baada ya shauri kwisha, na majina yote nitayabadili, kwa ajili ya wengine walio na neno la kusema na wamekaa nalo.

Umeniambia jina la Aidarus litachekwa. Litachekwa, ndiyo, kwa muda. Kisha watakumbuka kamba zao alizozikata, na wale aliowakatia wako hai wa kusimulia. Umeniambia pia hakuna atakayeleta shoka mlangoni kwako. Huenda ikawa kweli, sitakudanganya. Huenda usiishike tena tupa ya watu maisha yako yote, na itakuuma, na bado utakwenda.

Limebaki moja. Mahfudha, mke wa Jaffar, naye yuko edani sasa, mtaa wa pili kutoka kwako, na amekaa akiamini kwamba rafiki wa mumewe ndiye aliyemuua. Kadhi atampelekea habari, lakini habari ya kadhi si yako. Eda yako itakwisha kabla ya yake. Siku utakapooga na kuvua nguo za msiba, usiende kwa mtu mwengine yeyote kabla hujaenda kwake. Kaa chini mbele yake, umwambie uliona nini ndani ya kamba ile, na kwamba kisu ulikuwa nacho mkononi. Akikufukuza, ana haki. Akikupiga, vumilia. Lakini mwambie kwa mdomo wako wewe, Badria. Usimtume mtu.