Kifua Changu na Mchakamchaka wa Afande Mussa

Jumatano. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kukata masikio.

Leo nawachukia watu wote. Naandika hivyo ili nikilisoma daftari hili siku nyingine nisijidanganye kwamba nilikuwa na huzuni. Nina hasira, na naandika nikiwa nimeegemea ukuta kwa sababu nikiinama kifua kinabana.

Wa kwanza ni Afande Mussa, anayetufundisha mgambo sisi vijana wa kijiji. Kila asubuhi anatukimbiza mchakamchaka kutoka ofisi ya kijiji hadi kanisani juu na kurudi, tukiimba jinsi tutakavyoijenga nchi. Mimi naimba mpaka kona ya tatu. Baada ya hapo sauti inakata, na tukishasimama maumivu yanaingia katikati ya kifua, mazito, yanapanda mpaka kwenye taya, na macho yanaingia giza. Nina miaka ishirini na mmoja. Wazee wa hapa Mtae wanapanda mlima huu huu na mizigo ya viazi kichwani, wakipiga soga.

Jumatatu nilikwenda zahanati. Mganga akaniwekea mpira wa kusikilizia kifuani, akakaa nao muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akauliza kama utotoni niliumwa koo mara kwa mara, kisha magoti yakavimba. Nikasema ndiyo. Akauliza tulitibu vipi.

"Walinikata kilimi," nikamwambia.

Akafumba macho kidogo. Akasema koo lile lilitaka sindano, si kisu. Ugonjwa ulitoka kooni ukaenda magotini, na anahofia umeishia moyoni. Niende hospitali Lushoto Ijumaa, basi likipita, na mpaka siku hiyo nisikimbie hata hatua moja. Moyo unaweza kusimama, alisema. Akaniandikia barua.

Kwa hiyo wa pili ni mama. Ndiye aliyenishika kichwa nilipokatwa kale kanyama kanakoning'inia kooni, nikiwa na miaka saba, na tena nikiwa na tisa, kwa sababu ilisemekana kameota upya. Mkataji alikuwa jirani yetu, mwenye kisu kilichopinda, na malipo yake yalikuwa kuku. Kila mtoto wa ukoo wetu amekatwa. Jana nilipomweleza mama maneno ya mganga, aliacha kumenya viazi.

"Mwanangu, sisi tulidhani tunakuponya."

Nikamjibu vibaya. Maneno yale siyaandiki hapa. Alitoka kwenda shambani kwenye manyunyu bila kujitanda khanga.

Leo asubuhi nikampa Afande barua. Aliisoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima.

"Moyo! Kijana huyu ana moyo! Na sisi wengine tunakimbilia nini, maini?"

Wakacheka. Vijana niliosoma nao, ambao tunalima nao shamba moja la kijiji, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Afande akanirudishia barua, akaniambia nikakae kando na wazee.

Sasa nimfikie ninayemchukia kuliko wote.

Nilikimbia.

Hakuna aliyenilazimisha. Ruhusa ya kukaa nilikuwa nimeshapewa, ya dharau lakini ruhusa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeishika barua mkononi nikaingia mstari wa mbele, nikaimba kuwapita wote. Kona ya tatu nilipita. Ya nne sikuiona. Nilijikuta nimelala kwenye majani kando ya barabara, na Afande amepiga magoti, ananipepea kwa barua ile ile ya mganga.

"Pumua, kijana. Nakuomba, pumua."

Uso wake ulikuwa umemshuka kabisa. Nilifurahi kuuona hivyo. Nilikuwa karibu kufa, na nilifurahi kwamba nimemkomesha. Sijui mtu wa namna hii anaitwaje.

Walinibeba kwa machela ya miti mpaka nyumbani. Mama hakupiga yowe. Alinifunika blanketi, akaketi mlangoni, na hajanisemesha mpaka sasa, wala mimi sijamsemesha. Ameshakunja nguo zangu za safari, na zake. Ijumaa tunakwenda wote, nitake nisitake.

Jioni mganga alikuja kunitazama. Mama alipomsindikiza uani, nilimsikia akimuuliza kama moyo wa mzazi unaweza kutolewa akapewa mtoto. Mganga akasema hapana, mama, haiwezekani. Mama akauliza tena, polepole, kana kwamba mara ya kwanza hakueleweka.

Tangu jana sijamwamkia. Kesho, kabla wale wa mchakamchaka hawajapita wakiimba, nitampa shikamoo yake, hasira iwepo isiwepo.