Bloku ya Mama Sikitu

Idete,
Ifakara.
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Noela,

Shikamoo yako niliipokea, marahaba. Hujambo huko Bukoba? Shemeji Teofili na watoto wanaendeleaje? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ila goti langu la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba umri umekwenda. Viktor anakohoa tangu wiki iliyopita na dawa hataki, unamjua shemeji yako.

Mpunga mwaka huu umekubali. Maji yalichelewa kutoka bondeni, ndege nao wakatutoa jasho, lakini magunia yapo ndani. Kwa hilo sina la kulalamika.

Kinachonichefua ni jambo lingine. Nimeona nikuandikie barua maana kwenye simu huwa naropoka, na ule ujumbe niliokutumia Jumanne ulikuwa wa kuropoka. Nitaufikia.

Ulipotutengenezea tovuti ya kikundi chetu cha wanawake wauza mchele, ulinifundisha kuunga ukurasa kwa vile vipande mnavyoviita bloku: hiki cha picha, hiki cha maandishi, hiki cha vyote viwili. Chini ya kila ukurasa ukaweka bloku ya marehemu mama yetu Sikitu, amekaa na ungo wake, na pembeni maneno aliyokutamkia mwenyewe: "Ukikuta jiwe kwenye mchele wetu, turudishie. Tutakuomba radhi na tutakupa mwingine." Sauti yake hatukuirekodi. Maneno yale ndiyo tuliyobaki nayo.

Basi mwezi uliopita Salha, yule mwenye duka la nafaka Kibaoni, akanipigia kuuliza mama amekwenda wapi. Yeye huwaonyesha wateja wake maneno yale kwenye simu. Nikafungua. Kurasa zote kumi na moja, mama hayupo. Mahali pake pana picha ya gunia na tangazo, "Mchele mpya unatoka Juni, weka oda mapema." Tangazo nililitambua, nililiandika mwenyewe kwa ajili ya ukurasa wa oda. Nikasema kuna mtu kalichukua akalibandika juu ya mama. Chakula nikakiacha mezani, Noela.

Mwingine mwenye nywila ni Remigius tu, yule baba mwenye stesheneri Kibaoni anayetusaidia kupandisha picha. Sikumuuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu Merina, kikao kikaitwa. Kabla hakijaanza Remigius alinivuta pembeni, akaniomba twende sisi wawili tukaangalie historia ya mabadiliko, kwa kuwa tovuti inaandika yenyewe nani kabadili nini na saa ngapi. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba hatutaki ujanja wa kompyuta hapa.

Halafu nikamsema mbele ya wanawake ishirini na wawili. Nilisema hana adabu kwa wafu, kwao hakufunzwa. Tukamnyang'anya nywila, wanawake wakaacha kumpelekea kazi, na huko Kibaoni wakaanza kumwita Mfuta Marehemu. Na mimi habari ile nilikuwa naisimulia kwa raha, kila nikikutana na mtu naianza upya.

Jumanne nikaifungua historia ile mwenyewe, nipate ushahidi wa kummaliza. Ikaonyesha tarehe 9 Mei, saa nane na dakika kumi mchana. Evelina.

Jina langu mwenyewe. Kisha nikakumbuka. Ukurasa wa oda nilitaka uwe na mwonekano uleule, picha kushoto na maneno kulia, basi nikaichukua bloku ya mama kwenye zile zilizohifadhiwa, nikafuta yaliyomo, nikaandika tangazo langu. Nilidhani ni kama kalibu ya tofali: unatoa tofali, unajaza udongo mwingine, na zilizokwisha kujengwa ukutani zinabaki zilivyo. Kumbe bloku ile ni moja tu kwa kurasa zote, ukiigusa hapa umeigusa kote. Na wewe ulinionya. Ulisema niitenganishe kwanza ndipo niibadili, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa kuona aibu kwamba sijaelewa.

Ndipo nikakutumia ule ujumbe wa kukuomba uifute historia. Niliuandika nikijua ninachokifanya. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, namwacha mwenzangu aoze na jina baya ili mimi nionekane msafi. Najionea kinyaa, mdogo wangu, hata kioo sikitaki.

Jana nimekwenda stesheneri. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Nilimweleza yote nimesimama, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu mwanzo, mama," akaniambia. "Niliiona kabla hamjachukua nywila. Lakini ulikuwa unamlilia mama yako, nikashindwa kukuumbua mbele ya watu."

Akanivutia kiti, akawasha kompyuta, akaniacha nirudishe mwenyewe toleo la zamani. Mama akatokea na ungo wake. Nikaanza kuyasoma maneno yake kwa sauti, na nilipofika pa kuomba radhi nikamgeukia Remigius, nikayasema kwake.

Naye akasema, "Bonyeza hifadhi, mama, umeme usije ukakatika."

Nikabonyeza.

Kesho tuna kikao. Nitasimama palepale niliposimama siku ile, na historia nitaifungua mbele yao waisome. Merina nimeshamwambia, ameguna tu. Kwa hiyo lile ombi langu la Jumanne liache, Noela. Usifute kitu. Jina langu libaki pale lilipo, na saa yake.

Nisalimie shemeji Teofili, na mama mdogo Omega mwambie mchele wake naupeta kwa mkono wangu, nitautuma na basi. Viktor anawasalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Mungu awalinde, na nyumba yenu isikose chakula wala watu wa kukila.

Ni mimi dada yako akupendaye, yuleyule wa saa nane na dakika kumi,

Evelina