Wale Aliowachora Kisogo

Jumapili, Januari 2011, Alby. Theluji tangu asubuhi. Ni saa tisa ya mchana na taa nimeshawasha.

Nina hofu, niseme tu ukweli. Na hofu yenyewe nimejitakia.

Nianze na mchoraji, maana ndiye aliyenifikisha hapa. Kanisani kwetu (sisi ni Wamormoni, wacheke wanaocheka) wametundika nakala za picha zake, na mimi nimeombwa nitafsiri maisha yake kutoka Kiswidi ili Wakongo na Warundi wetu waelewe. Alikuwa fundi rangi hapa hapa Stockholm, enzi za mishumaa. Akaipokea imani ilipokuwa bado ngeni, akazunguka kwa miguu akihubiri, akafungwa jela, akapanda meli kwenda Amerika na huko akavuta mkokoteni nyikani mpaka viatu vikaisha. Safari yote akaichora juu ya kitambaa kirefu, akakiviringisha kwenye mti, akawa anakwenda nacho kijiji kwa kijiji kuwakunjulia watu.

Alikuwa na desturi moja. Walio hai aliwachora uso. Waliokufa aliwachora kisogo.

Wiki tatu nimekaa na picha hizo, na sasa hata kwenye treni naogopa kutazama visogo vya watu.

Katika picha ya meli ikiondoka, mama yake yuko bandarini, kisogo. Alipoichora alikuwa amepata barua kwamba mama amefariki. Miaka mingi baadaye akatumwa tena Uswidi kuhubiri, akaenda kuuona mlango wa kwao wa zamani, basi tu. Akabisha. Mama akafungua. Hakulia wala hakumkumbatia. Alimuuliza kwa nini miaka yote hiyo alikuwa akihisi watu wamesimama nyuma yake, wanamtazama.

Hapo niliweka kalamu chini.

Kwa sababu na mimi nimefanya hivyo hivyo.

Mdogo wangu Bahati tulipotezana wakati wa vita, njiani tukitoka Uvira. Nilimsikia nyuma yangu akiita “Yaya”, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, mara nne. Sikugeuka. Mzigo ulikuwa kichwani, watu wanasukumana, nikajua atanifikia. Tangu hapo namtafuta. Namba niliyowaachia watafutaji wa ndugu ni ya simu ya nyumbani, ndiyo maana sikuibadilisha kamwe, wenzangu wanitanie wanavyotaka kwa simu yangu ya waya.

Sisi huwabatizia wafu wetu: mtu aliye hai huingia majini kwa jina la marehemu. Dada Riziki, Mrundi anayeshughulikia majina, alikuwa akiniuliza kwa upole kama nina wa kwetu. Mwezi uliopita nilichoka. Haikuwa imani, nilichoka kungoja. Nikaandika jina la Bahati, na penye kifo nikaandika mwaka tuliopotezana. Jumamosi ya wiki iliyopita, hekaluni, Dieudonné, kijana anayesafisha ndege kule Märsta, akazamishwa badala yake. Alinijia nywele bado zinachuruzika.

“Dada, maji ni ya moto kama ya kuoga,” akaniambia. “Lakini angalia mikono yangu.”

Ilikuwa inatetemeka.

Nilirudi nyumbani nikachomoa simu ukutani, nikazungusha waya wake, nikaitia kabatini chini ya mablanketi. Usiku ule nililala vizuri. Hilo nalo naliungama.

Leo baada ya kanisa nilikuwa jikoni natafsiri pale mama wa mchoraji anapofungua mlango, na binti yangu Neema, wa miaka tisa, anafanya hesabu zake mbele yangu. Nikasikia mlio. Nikajiambia ni kwa jirani, kuta za hapa ni karatasi. Neema akainua kichwa.

“Mamma, det ringer.” Mama, simu inalia. Hunijibu Kiswidi siku zote, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. “I garderoben.” Kabatini.

Iliita mara nne. Nilipofungua kabati ilikuwa imenyamaza, iko pale pale, waya umezungushwa kama nilivyouacha. Nikaiweka sikioni hata hivyo. Hakuna kitu, hata ule mvumo wa laini. Nikasema, “Bahati?” kisha nikaona aibu mbele ya mtoto.

“Ni nani, mama?” Kwa Kiswahili, safari hii.

Nimempigia Dada Riziki kwa simu ya mkononi. Nimemwambia nilidanganya, kwamba sijui kama amekufa. Akanijibu:

“Kama yu hai tutalirekebisha jina, dada yangu. Maji hayamdhuru.”

Najua. Lakini yeye hajausikia mlio ule.

Mchoraji aliporudi Amerika alikikata kitambaa penye kichwa cha mama yake, akashonea kipande kingine chenye uso. Mishono inaonekana hata kwenye nakala. Nadhani mkono ulikuwa haujatulia, kwa sababu macho ni makubwa mno, na hayaitazami meli. Yanatutazama sisi.

Simu nimeichomeka tena ukutani. Nimeiinua, mvumo upo. Neema nimemwambia akale, mimi sitaki kitu. Tafsiri ingoje. Nimegeuza kiti na kukaa nikiielekea simu.

Bahati, yaya amegeuka. Ita tena.